Kila msimu napandwa na jambo jipya: je, nina tatizo?

SWALI

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili. Tangu utoto huwa napandwa na mambo. Kitu kikiniingia, asubuhi na jioni ni hicho tu, halafu baada ya miezi sita au mwaka kinapoa na sikirudii. Mwaka juzi ilikuwa maji ya bahari. Kila siku baada ya kazi nilishuka ufukweni kuandika maji yamejaa saa ngapi na yamekupwa saa ngapi, mpaka wavuvi wakawa wananiita Bi Bamvua, yaani Bi Maji Makubwa. Kabla ya hapo zilikuwa redio za zamani. Nilinunua mbili mbovu nikazifungua, na moja mpaka leo iko chini ya kitanda. Sasa hivi ni majina ya kanga. Nina madaftari matatu. Nikiona kanga kwenye daladala, sokoni au msibani, nanakili jina lake, rangi zake, mji wake (ile sehemu ya katikati) ukoje, na aliyeivaa ni wa rika gani. Kazini sikosi, nalala vizuri, na hela ya nyumba siigusi. Lakini mwezi uliopita wifi yangu aliyakuta madaftari akayasoma kwa sauti mbele ya wageni, wakacheka sana. Mume wangu si mkali, ila alisema neno moja lililoniuma: "Wewe hujawahi kumaliza kitu." Mama yangu naye ana methali yake, mshika mbili moja humponyoka. Tangu siku ile naandika kwa kujificha, watoto wakilala. Naomba ukweli: huu ni ugonjwa? Na nifanyeje nitulie na kitu kimoja kama watu wengine? Juzi mwanafunzi wa darasa la nne aliniuliza kwa nini bahari inaondoka. Nilimjibu kipindi kizima, nikajikuta nina furaha, halafu nikaona aibu.

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile unalotaka kulijua kwanza, usije ukasoma jibu lote moyo unadunda. Kwa haya uliyoyaandika, sioni ugonjwa. Naona mtu mwenye akili yenye njaa, aliyechekwa siku moja mbele za watu, akaikubali aibu ile kana kwamba alistahili. Hapo kwenye aibu ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo penye kidonda.

Lakini umeniuliza kama mtaalamu, na sitaki kukutuliza kwa maneno matupu. Yapo mambo ambayo kwa nje hufanana na hayo yako, nasi huyachukulia kwa uzito. Mtu aliyekuwa mtulivu miaka yote, ghafla halali siku tatu, nne mfululizo na wala hasikii uchovu, anaongea mbio mbio, ana mipango kumi mikubwa kwa mkupuo, anamaliza akiba ya nyumba kwa wiki moja, na ukimgusa anawaka: huyo asisifiwe kwamba ana vipaji, apelekwe hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili. Yupo pia mwingine ambaye wazo humrudia kichwani bila kulitaka, akanawa mikono au kukagua mlango mara ishirini kwa sababu asipofanya hivyo hofu inamkaba. Huyo hafurahii, anatumikishwa. Na wapo watu wenye usonji, ambao tangu utotoni hupenda jambo moja kwa kina kisicho cha kawaida. Hata kwao, kule kupenda si ugonjwa, na wengi ndiko wanakopata raha na marafiki. Wewe unalala, darasani unafika, na ada ya watoto haijageuka doti ya kanga. Ukiona siku moja hayo yamebadilika, nenda ukaonwe bila kusubiri.

Kuna jambo moja ambalo watu nje ya kazi yetu hawalifahamu. Wanaokuja kuniona kwa sababu wanapenda vitu vingi mno ni wachache sana. Wengi huja kwa kinyume chake. Mtu anakaa kwenye kiti, namuuliza siku hizi unafurahia nini, ananyamaza, anatazama sakafu, anasema sijui. Tunapompima mtu sonona, moja ya maswali ya kwanza kabisa ni hili: vile ulivyokuwa ukivipenda, bado vinakuvuta? Mtu asiyevutwa na kitu chochote ndiye anayetutia wasiwasi. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akifuga njiwa ujanani, akawaacha alipooa kwa sababu wakwe walisema ni mambo ya kitoto. Miaka thelathini baadaye alikuwa na nyumba, gari na wajukuu, na hakuna hata kimoja kilichomwamsha asubuhi. Tulipofika kwenye njiwa ndipo uso wake ulipopata rangi. Alinieleza dakika arobaini jinsi njiwa anavyorudi nyumbani hata ukimwachia mji mwingine. Kwa hiyo nikisoma kwamba kuna mwanamke Tanga anayetoka kazini na kushuka pwani kuandika saa ya maji kujaa, sishtuki. Moyo wangu unatulia.

Sasa kipimo chenyewe. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Vallerand, na wenzake walichapisha utafiti uliotenganisha shauku za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo wewe umeishika: inakaa pamoja na ndoa, kazi na marafiki, na ukiiweka chini kwa muda inakungoja. Ya pili ni ile iliyokushika wewe, huwezi kuiweka chini hata pale inapokuumiza. Kati ya watu waliowachunguza walikuwamo waendesha baiskeli wa Quebec, ambako majira ya baridi barabara huganda barafu na kuendesha ni hatari. Wale walioendelea kuendesha hata juu ya barafu walikuwa wamekolea zaidi shauku ya namna ya pili. Kwa hiyo usijipime kwa wingi wa muda unaoutoa, wala kwa jinsi watu wanavyokiona kitu chenyewe kuwa cha ajabu. Jipime siku unapozuiwa. Umempakata mtoto mwenye homa kwenye daladala, anapanda mama amejifunga kanga usiyowahi kuiona. Unaweza kuiacha ipite? Na ikishapita, uko na mtoto au bado uko na kanga? Ukiweza kuiacha, ukajuta kidogo, kisha ukarudi kwa mwanao, basi wewe ndiye uliyeishika.

Nije kwenye neno la mume wako, lile lililokuuma. "Hujawahi kumaliza kitu." Nimelitafakari sana, kwa sababu linafanana na kweli, na maneno ya namna hiyo ndiyo huchoma. Jiulize, Mwalimu, maji ya bahari yanamalizwaje? Ulikuwa unaandika jambo ambalo halina ukurasa wa mwisho. Ukilichukua daftari lile la mwaka juzi ukasoma wiki mbili tu, utaona saa ya kujaa inasogea mbele kila siku kwa dakika kama 50, kwa sababu mwezi nao unachelewa kurudi mahali pake kwa kiasi hicho hicho. Utaona tofauti ya kujaa na kupwa inakua hadi kwenye bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kisha inasinyaa hadi maji mafu, kisha inakua tena. Ulipouona mzunguko huo kwa mkono wako mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, njaa iliyokupeleka ufukweni ilishiba. Shauku ilipokwisha kazi yake ikaondoka. Hukuacha kitu nusu. Ulikula ukashiba, ukainuka mezani.

Nadhani chanzo cha aibu yako ni kwamba unaihesabu kila shauku kama ahadi. Kwamba siku ulipofungua redio ya kwanza ulikuwa umeapa kuwa fundi redio mpaka uzeeni, na ulipoacha ukawa umevunja kiapo. Hukuapa. Ndoa ni ahadi, kazi ya ualimu ni ahadi, mtoto ni ahadi, na hizo zote umezitunza. Kupenda redio si ahadi kwa mtu yeyote. Watafiti wawili, Suzanne Hidi na Ann Renninger, waliandika mwaka 2006 kwamba mvuto wa mtu kwa jambo hupitia hatua nne, kuanzia cheche ya kwanza mpaka kuwa sehemu ya mtu mwenyewe, na kwamba unaweza kupoa katika hatua yoyote. Nyingi hupoa mapema. Wewe zako hufika mbali kuliko za watu wengi. Watu wengi huona kanga nzuri, wakasema ee, wakapita.

Ngoja nikukumbushe habari ya mkoani kwenu, pengine unaisimulia darasani. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa, uchanganye na sukari, uache yapoe, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi za friji zilikuwa za kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila kuyachemsha ili awahi nafasi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa, akayaweka yake yakiwa ya moto vile vile. Baada ya saa moja na nusu alirudi akakuta ya kwake yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, haiwezekani. Mtu mwingine angeliacha. Yeye lilimkaa. Baadaye aliongea na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, na rafiki huyo akamwambia kwamba hata yeye huweka mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi. Yaani wauza aiskrimu wa mji wako walikuwa wanalijua jambo ambalo mwalimu wa fizikia alilikataa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa utani wa darasa: akikosea hesabu wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama akaliuliza lile lile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo duniani kote jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana juu yake, wengine wakisema lipo, wengine wakisema halijathibitika.

Sikusimulii habari hii ili nikuahidi kwamba madaftari yako yatakutoa magazetini. Nakusimulia kwa ajili ya sehemu ambayo huwa haisimuliwi. Erasto Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alisomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, na kazi yake ya maisha ikawa huko. Lile swali la friji lilimshika miaka kadhaa, likapata haki yake, yeye akaendelea na safari. Nani atathubutu kumwambia hakumaliza?

Na methali ya mama. Naiheshimu, na mama nampa haki yake, anakuhofia. Lakini sikiliza methali yenyewe inasema nini: mshika mbili. Ni mtu mwenye viganja viwili vimejaa kwa wakati mmoja. Wewe unashika moja, unaikamua mpaka tone la mwisho, unaiweka chini, ndipo unashika nyingine. Huyo si anayesemwa na wahenga. Tena pwani yetu hii haijawahi kuwadharau watu wenye mikono mingi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mnakili wa miswada mwenye hati ya kupendeza, mchongaji, mpiga muziki na mtengenezaji wa ala zake mwenyewe. Wazungu waliokuwa wakikichunguza Kiswahili, kama Alice Werner na William Hichens, walimtegemea awanakilie tenzi. Miswada iliyopita mikononi mwake imehifadhiwa London mpaka leo, na baadhi ya tenzi zetu tunazisoma kwa sababu mtu huyo hakutulia na kitu kimoja.

Sasa niseme jambo ambalo sidhani umelitazama. Nimeyaweka mambo yako matatu mezani: maji ya bahari, redio, majina ya kanga. Umeniandikia kama mtu anayerukaruka kutoka tawi hili hadi lile. Mimi naona tawi moja. Vyote vitatu ni vitu vilivyo jirani na kila mtu, vinasema kila siku, na hakuna anayevisikiliza. Mwezi unaongea na bahari kwa saa zake. Redio inadaka sauti hewani ikaileta chumbani. Kanga inatamka maneno ambayo aliyeivaa hawezi kuyatamka kwa mdomo. Wewe, Mwalimu, unapenda kujua ujumbe unafikaje. Vitu vinabadilika, wewe ni yule yule. Ukinitajia uliyoyapenda ukiwa na miaka tisa, au kumi na tano, sitashangaa yakiwa ya ukoo huo huo. Jaribu kuyaandika siku moja uone.

Na kwa kuwa ulichekwa kwa ajili ya kanga, tuiangalie kanga. Wifi yako alisoma daftari kama orodha ya kichekesho. Mimi nimesoma mstari mmoja wa barua yako nikasimama: unaandika jina, rangi, mji, na rika la aliyeivaa. Hujaridhika na jina peke yake. Umeelewa, pengine bila kufundishwa na mtu, kwamba "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" likivaliwa na bibi wa miaka 70 anayekwenda kisimani si sawa na likivaliwa na bi harusi mpya anapopita mbele ya nyumba ya mke mwenza. Maneno ni yale yale, kauli mbili. Na mwenye kanga ana mlango wa kutokea siku zote: akiulizwa, anasema mimi nimependa rangi. Ufundi wote wa kanga uko hapo, kusema na kutosema kwa wakati mmoja. Mjerumani Rose Marie Beck alilifanya jambo hilo kuwa utafiti wake wa miaka, akatoa kitabu kizima mwaka 2001. Jumba la makumbusho la British Museum huko London limehifadhi kanga. Huko zimehifadhiwa zenyewe, na pembeni kuna maelezo mafupi. Wewe unayo ile sehemu ambayo makumbusho huikosa: nani kaivaa, wapi, siku gani, msibani au sokoni.

Ukitaka kuongeza kitu kimoja kwenye daftari, angalia maandishi madogo karibu na pindo. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake hutambulika kwa herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Ukiyaona kwenye kanga kuukuu ya bibi wa Tanga, maana yake kitambaa kile kilisafiri kabla hakijafika kwenye mwili wake, na hapo unaweza kumuuliza alikipataje. Na kama kuna ajuza anayekumbuka kanga zenye majina kwa herufi za Kiarabu, mtembelee mapema. Zilikuwapo kabla ya hizi za herufi tunazosoma sasa, na wanaozikumbuka hawatakaa milele.

Huko kujificha ndiko ninakotaka ukuache, na ndicho kitu pekee katika barua yako kinachonipa wasiwasi. Jambo la halali linalofanywa gizani huanza kunuka kama la haramu, hata puani mwa mwenyewe. Umeona ulivyosema: ulimjibu mwanafunzi, ukafurahi, kisha ukaona aibu. Furaha ilikuja kwanza, ikiwa safi. Aibu ililetwa na sauti ya wifi, na sasa umeikaribisha mpaka darasani. Mtoto wa darasa la nne aliuliza kwa nini bahari inaondoka, na kwa bahati yake alikuwa amemuuliza mtu ambaye kwa miezi kadhaa alisimama pale akihesabu. Walimu wangapi wangemjibu kwa kipindi kizima? Kwa hiyo leo jioni andikia sebuleni. Usitangaze, usijitetee, weka daftari mezani karibu na chai, andika. Mtoto akija kuuliza, mwonyeshe.

Kwa wifi sina mengi. Alikosea kusoma daftari la mtu mbele ya wageni, na una haki ya kumwambia hivyo, ninyi wawili tu, kwa sauti ya kawaida: "Wifi, siku ile uliniumiza." Usimweleze thamani ya kanga. Akiuliza mwenyewe baadaye, hilo ni jingine.

Kwa mume fanya tofauti, kwa sababu umesema si mkali, na neno lake nadhani lilitoka kwenye uchovu zaidi kuliko dharau. Mtu anayeishi na mwenye kupandwa na mambo huona upande ambao mwenyewe hauoni: mazungumzo ya chakula cha jioni yanahamia kwenye redio miezi sita, yeye anaanza tu kuzizoea redio, mara hazitajwi tena, zimeingia kanga. Anabaki nyuma kila mara. Hilo ni la kweli na linastahili kusikilizwa. Usimweleze. Mwonyeshe ukurasa mmoja, kisha umuulize yeye: mama yake alikuwa akivaa kanga gani alipokuwa mdogo? Ipi alimfunikia akiugua? Wanaume wengi wa umri wake hawakumbuki jina, lakini wanakumbuka rangi, na harufu. Aandike jibu lake mwenyewe kwa mkono wake kwenye daftari lako. Na kubalianeni mambo mawili ya wazi, kiasi cha fedha kwa mwezi ambacho ni chako bila maswali, na saa za jioni ambazo daftari halifunguliwi. Hizo si adhabu. Shauku yenye mipaka inayojulikana haiwatishi watu wa nyumbani.

Kuna jambo utakaloambiwa na kila mtu atakayekuonea huruma, nalo nakuomba ulipinge: geuza iwe biashara. Fungua ukurasa, uza kanga, tafuta wafuasi. Sina ugomvi na biashara, na huenda siku moja ukataka mwenyewe. Ila wengi wanakushauri hivyo kwa sababu hawawezi kuvumilia kumwona mtu mzima, tena mwanamke mwenye familia, akitumia nusu saa kwa jambo lisiloingiza kitu. Wanataka kukutafutia kisingizio. Huhitaji. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akichukua alichokipenda, akakitia bei, na ndani ya mwaka akakichukia kama anavyochukia foleni ya asubuhi.

Na ile redio ya chini ya kitanda. Itoe. Nina hakika kila unapofagia unaigusa na ufagio na moyo unakwambia umeona, hukumaliza. Kaa nayo Jumamosi moja, chukua karatasi, andika ukurasa mmoja tu wa ulichojifunza ulipoifungua: ulitafuta nini, ulielewa nini, ulikwama wapi. Andika tarehe. Kisha amua. Kama kuna fundi mzee mjini anayezipenda, mpelekee na ukurasa wako juu yake. Kama kuna kijana mtaani anayefungua fungua vitu, mpe. Kama unataka ikae kabatini kwa sababu unaipenda sura yake, ikae, lakini mahali panapoonekana. Fanya hivyo kwa kila shauku inayopoa kuanzia sasa: ukurasa mmoja, tarehe, na kifaa kipate mwenyewe. Baada ya miaka kumi utakuwa na kitabu ambacho hakuna mtu mwingine Tanga anacho. Kanga nazo zitapoa, huenda kabla ya mvua za masika, huenda baada ya miaka mitano. Zikipoa, usizilazimishe ili tu kumwonyesha mume wako kwamba safari hii umemaliza.

Kabla sijafunga, nina ingizo la daftari lako la tatu. Ni kanga ya mama yangu, kipande kimoja, mwenzake alichanwa nepi za mdogo wangu. Mji ni wa korosho, ardhi yake ilikuwa ya njano na sasa ni rangi ya chai ya maziwa, pindo ni jeusi. Aliivaa akiwa na miaka kama thelathini, nyumba ya kupanga, wapangaji sita wakitumia uani mmoja. Neno la kwanza la jina limefutika kabisa kwa kufuliwa. Yanasomeka mawili ya mwisho, HANA SABABU. Lililokosekana wewe unalijua kuliko mimi. Ninachotaka uniambie, kwa kuwa umeshaona nyingi, ni kama jina hilo wanawake hulivaa kwa kwenda sokoni au hulivaa hapo hapo uani, maana nimekuwa nikijiuliza miaka yote ni mpangaji gani alikuwa akiambiwa.